Nakala ya Pili

Amito alizaliwa katika kambi ya jeshi ya Makindye, na ingawa nyumbani walisema Kiacholi, lugha aliyokulia nayo nje ya mlango wa mama yake ilikuwa Kiswahili. Bombani wanawake walipangana ndoo kwa Kiswahili. Watoto wa askari, waliotoka kila pembe ya Uganda, waligombana na kupatana kwa Kiswahili hichohicho, kile cha amri na mizaha, kisichojali ngeli wala nini. Baba yake, Sajini Ogwang, alikuwa na tabia ya kuwapanga watoto wa majirani mstari mmoja kila Jumapili jioni na kuwachezesha gwaride. "Kushoto, geuka! Mbele, tembea!" Amito ndiye aliyekuwa akigeuka vizuri kuliko wote, na baba yake alimsifu mbele za watu.

Alipotimiza miaka ishirini na miwili aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa chekechea katika shule ya kimataifa iliyoko juu ya kilima, upande wa pili wa barabara. Watu wa mtaani waliiita "Kwa Mabalozi". Ilikuwa na bwawa la kuogelea, uwanja wa nyasi zilizokatwa kila Alhamisi, na bendera za nchi arobaini na moja ukumbini. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa maofisa wa ubalozi, wa watu wa Umoja wa Mataifa, wa wakurugenzi wa mashirika ya misaada. Waliletwa asubuhi kwa magari yenye namba za kidiplomasia, wakakaa Kampala miaka miwili au mitatu, kisha wazazi wakahamishiwa Hanoi au Lima na dawati likabaki tupu hadi Agosti.

Kwa miaka kumi na sita Amito aliwafuta kamasi. Aliwafundisha kufunga kamba za viatu, kumenya ndizi, kusema "samahani" wakikanyagana. Pasipo kuagizwa na mtu, aliwafundisha pia Kiswahili chake: kuhesabu mpaka ishirini, "njoo hapa", "wacha hiyo". Wazazi walifurahi. Mara moja balozi mzima aliinama mlangoni akamwambia, "Asante sana, mwalimu," na mtoto wake akamcheka baba kwa namna alivyoyatamka maneno hayo.

Mtoto aliyempenda kuliko wote alikuwa Freja, msichana wa Kidenishi ambaye baba yake alishughulikia miradi ya maji. Wengine waliondoka, Freja akabaki. Aliingia chekechea akiwa na miaka minne, hasemi na mtu, na kwa muhula mzima alikubali kushikwa mkono na Amito tu. Sasa alikuwa na miaka minane, amepanda madarasa, lakini kila asubuhi alipitia chekechea kumsalimu.

Basi mwaka ule mkuu wa shule, Bi. Ingeborg, alipotangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo kamili kuanzia darasa la tatu, kila mtu katika chumba cha walimu alimgeukia Amito.

"Hii kazi ni yako, nakuambia kweri," alisema Husnah, karani wa ofisi, Muganda aliyekuwa rafiki yake. "Nani mwingine?"

Amito alicheka akasema tusubiri. Lakini jioni ile alinunua daftari lenye jalada gumu, akaandika jina lake ndani, na chini yake: Mwalimu wa Kiswahili.

Kazi alipewa Victoire.

Victoire alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefika Kampala miaka sita iliyopita akiwa mkimbizi, na alikuwa akitembeza vitenge nyumba kwa nyumba, amevirundika begani. Katika nyumba mojawapo alikutana na mke wa ofisa wa ubalozi aliyetaka kujifunza Kiswahili. Akamfundisha, na yule mama akawaambia wenzake. Ikajulikana kwamba muuza vitenge huyo alisomea ualimu wa lugha kwao, na kwamba kabla ya vita kumfukuza alikuwa amefundisha sekondari miaka saba. Cheti chake kilikuwa kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Bi. Ingeborg alikisoma, akamsikiliza akifundisha somo la majaribio, akampa mkono.

Kisha akamwita Amito. "Wewe unawajua watoto," alimwambia kwa upole. "Ningependa umsaidie Victoire darasani. Mtakuwa timu nzuri."

"Hakuna shida, madamu," Amito alijibu. Alitoka nje, akaenda nyuma ya jengo la muziki, akasimama pale mpaka kengele ilipolia.

Wivu wake haukuanza na kitu kikubwa. Ulianza na viatu. Victoire alikuwa na jozi moja tu, vyeusi, vimeshonwa pembeni, lakini vilikuwa vinang'aa kila asubuhi utadhani vimetoka dukani. Amito alianza kuvitazama kabla ya kumtazama usoni. Kisha ikawa mwandiko wake ubaoni, ulionyooka bila kuchora mistari. Kisha ikawa ukimya wa darasa. Amito alikuwa amezoea kupiga makofi ili watoto wanyamaze. Victoire alisimama tu, akangoja, nao wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hakupaza sauti hata siku moja. Amito aligawa karatasi, akachonga penseli, akafuta ubao, na kila alipofuta alihisi kama anajifuta mwenyewe.

Wiki ya tano, Freja hakupita chekechea asubuhi. Amito alimngoja. Saa ya mapumziko alimkuta amekaa kwenye ngazi na Victoire, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kitabu cha picha. Freja alikuwa akisimulia kisa kwa Kiswahili, polepole, kimepangika: nyani wawili walipanda mti, wakala matunda yote.

"Amito!" mtoto aliita. "Nimesema sawa?"

"Umesema sawa," Amito alijibu.

Usiku wake hakulala vizuri, na kesho yake hakulala kabisa. Mumewe Ogwal, aliyekuwa polisi Nakawa, alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni kichwa. Angemwambia nini? Kwamba anamwonea kijicho mwanamke asiye na nchi? Miaka minne alimbeba yule mtoto, na huyu kamchukua kwa wiki tano na kitabu cha nyani.

Siku ya Ijumaa moja, baada ya masomo, Victoire alimjia na karatasi mkononi.

"Dada Amito, samahani. Ofisi wananiomba nakala ya kitambulisho changu, na ile mashine inanishinda. Utanisaidia?"

Kilikuwa kitambulisho cha mkimbizi, kadi ndogo yenye picha ambamo Victoire alionekana mzee kuliko alivyo. Amito aliiweka juu ya kioo cha mashine. Hapo ndipo alipoiona tarehe. Kadi ilikuwa imekwisha muda wake wiki tatu zilizopita.

"Najua," Victoire alisema, maana alimwona akisoma. "Nimeshapewa siku ya kwenda kupata mpya, ni mwezi ujao. Nitamweleza madamu Jumatatu. Leo amesafiri."

Akaenda kuchukua mkoba wake darasani.

Amito alibonyeza kitufe. Nakala ikatoka. Akabonyeza tena.

Nakala ya kwanza alimpa Victoire. Ya pili aliikunja mara moja, akashuka nayo ngazi mpaka chumba cha mkuu wa ulinzi, Bwana Abudu, ambaye alikuwa amekwenda kuswali. Mezani kulikuwa na trei ya barua. Aliiweka juu kabisa, tarehe ikitazama dari. Akaondoka. Njiani kwenda nyumbani alijiambia kwamba hajasema uongo wowote, kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Alinunua chapati yenye mayai, akaila yote amesimama, kwa hamu ambayo hakuwa nayo kwa wiki nyingi.

Shule ile ilikuwa na sheria kali kwa sababu ya watoto wa mabalozi: hakuna mtu mwenye kitambulisho kilichokwisha muda kuvuka geti, awe nani, ingawa kwa mazoea walinzi walitazama picha tu. Jumatatu asubuhi, magari yakiwa yamepanga foleni, mlinzi wa geti aitwaye Ocaya, Mwacholi kama Amito, alimzuia Victoire. Amito aliona kutoka dirisha la chekechea. Aliona Victoire akieleza, akionyesha karatasi ya miadi. Aliona Ocaya akitikisa kichwa, kwa kuwa amri ilikuwa imetoka kwa Abudu naye hakuwa na la kufanya. Watoto walipita kando yao na mikoba yao ya rangi. Freja alisimama.

"Madame Victoire, twende!" alisema, akimvuta mkono.

Victoire alimwinamia akamwambia jambo, akamgeuza kwa mabega kuelekea darasani. Kisha akashuka kilima kwa vile viatu vyake vinavyong'aa.

Amito alitazamia kufurahi. Na kwa kweli alifurahi, kiasi cha dakika moja.

Bi. Ingeborg aliporudi alisikitika, lakini sheria ni sheria. Alisema Victoire atarudi atakapopata kadi mpya. Kwa sasa, je, Amito angeweza kulishika darasa?

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Amito aliwatoa watoto uwanjani akawafundisha gwaride la baba yake. Watoto wa nchi kumi na nne waligeuka kushoto, wakageuka kulia, wakapiga saluti, wakaanguka kwa kicheko kwenye nyasi. Walimu wengine walitoka madarasani kutazama. Husnah alipiga picha. Amito akaenda nyumbani sauti imekauka, akamwambia Ogwal, "Umeona? Mimi najua hii kazi."

Wiki ya pili mvua ilinyesha na wakabaki ndani. Amito alishika kitabu juu. "Semeni: hii ni kitabu yangu."

Mkono ulinyooka nyuma. Alikuwa Zuleika, binti wa ofisa wa ubalozi wa Tanzania, mtoto mpole asiyependa kusumbua. "Samahani, mwalimu. Ni kitabu changu."

"Ndiyo. Changu, yangu, zote watu wanasema."

"Madame Victoire alisema 'changu' kwa sababu ya ki," alisema Freja. "Lakini viatu ni vyangu. Na maji je? Maji ni ya nini?"

Watoto wote walimtazama Amito. Walitaka kweli kujua. Amito alifungua mdomo. Kiswahili kilikuwa humo miaka yote, kama mate, lakini hakujua kilivyounganishwa, hata kidogo. Akasema maji ni ya kunywa. Walicheka wakidhani ni mzaha, naye akacheka nao, akafungua ukurasa mwingine.

Tangu siku hiyo alikuwa akisikia makosa yake yakitoka kinywani na hana jinsi ya kuyarudisha. Watoto hawakumdharau. Zuleika alikuwa akimsahihisha kwa kunong'ona, amwondolee aibu, na hilo liliuma zaidi. Mwisho wa kila kipindi mtu aliuliza, "Madame Victoire anarudi lini?" Alikuwa amekaa kwenye kiti cha yule mwanamke na bado anamwonea wivu, tena kuliko mwanzo. Kisha Bi. Ingeborg akamkumbusha kwamba mwisho wa mwezi ni siku ya lugha. Wazazi watakuja, na watoto watawaonyesha walichojifunza.

Jumamosi alikwenda Nateete. Alijiambia anakwenda kuomba daftari la maandalizi, basi.

Victoire alikaa chumba kimoja nyuma ya soko, na binti zake wawili, ambao saa ile walikuwa wametumwa sokoni. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Vitenge vilirundikwa juu ya kiti, maana alikuwa amerudi kuvitembeza. Alipomwona Amito mlangoni uso wake ulifunguka.

"Dada! Karibu. Shule nzima, ni weye tu ulikuya kuniona." Huko kwake hakusema kile Kiswahili cha ubaoni. Alisema cha Bukavu, na Amito, kwa mshangao, alikisikia kuwa kinamkaribia chake.

Akapewa chai na sombe, majani ya muhogo yaliyobaki ya mchana. Alipoomba daftari, Victoire hakumpa tu. Aliondoa vitenge, akamketisha, akaanza kumweleza. Mtu, watu. Kitu, vitu. Jino, meno. Alichora safu kwa kalamu, akamwuliza, akangoja kama alivyongoja darasani.

"Wewe unajua yote," alimwambia. "Huna haja ya kujifunza lugha. Nakuonyesha tu ramani ya nyumba yako mwenyewe."

Amito alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Alikuwa akielewa. Kwa mara ya kwanza aliona kwa nini maji ni yangu na kitanda ni changu, na furaha ya kuelewa ilichanganyika na uchungu, kwa sababu kila alipoelewa alijua kwamba asingeweza kamwe kumweleza mtu namna ile. Wema wa yule mwanamke ulimkaa kama mwiba. Mara mbili alifungua kinywa aseme, mara mbili akaomba chai zaidi.

Jumamosi ya tatu Victoire alikuwa na barua juu ya meza.

"Kabla ya kuituma, nisomee, unaniambia kama imekaa vizuri. Ni ya madamu Ingeborg. Namweleza juu ya Ocaya."

"Ocaya amefanya nini?"

"Ni yeye alinichongea. Kila asubuhi alishika kadi yangu geti, na ile nakala sikuwa nimeipeleka ofisi bado. Kuondoa weye, nani mwingine aliona tarehe? Anawaonea wakimbizi. Asinifanyie mimi leo, kesho mwingine."

Amito alisoma barua. Ilikuwa nzuri, kama kila kitu alichoandika Victoire. Ocaya alikuwa na watoto watano, na mke wake aliuza karanga chini ya kambi. Kwa barua hii angeondolewa kazini kabla ya Ijumaa.

"Si Ocaya," alisema.

"Unamtetea kwa sababu ni wa kwenu."

"Si yeye. Ni mimi. Ile siku ya mashine. Nilitoa nakala mbili."

Nje kulikuwa na mtu akipatana bei ya ndizi. Victoire aliichukua barua yake. Alimtazama Amito kama mtu anayesoma sentensi mara ya pili.

"Mbili."

"Moja niliweka kwa Abudu."

"Kwa sababu gani?"

"Wivu."

"Wivu?" Victoire aligeuka akatazama chumba chake: godoro, beseni, vitenge, mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini. "Wivu wa nini? Nionyeshe. Humu ndani, unaonea wivu kitu gani? Chukua."

"Si humu. Ni huko darasani. Watoto wanakupenda. Freja. Mimi miaka kumi na sita..."

"Binti zangu walikosa karo mwezi huu," Victoire alisema. Sauti haikupanda. "Nimerudi kubisha milango ya watu na nguo begani. Nawe unakuja hapa, unakula chakula changu, nakufundisha."

"Nisamehe, dada."

"Mimi si dada yako. Enda. Daftari uliache."

Amito aliliacha. Alitembea kutoka Nateete mpaka nyumbani, akipita vituo vyote vya teksi bila kuviona. Usiku ule alimweleza Ogwal yote, na yeye, mtu wa maneno machache, alimwambia tu, "Jumatatu uende mwenyewe kabla hawajakuita."

Alikwenda. Alisimama mbele ya meza ya Bi. Ingeborg akasema alichofanya, bila kupunguza. Mkuu alivua miwani. Alimwambia kwamba angeweza kumfukuza, na kwamba bado anafikiria. Ilichukua siku nne. Mwishowe akapewa onyo la maandishi, akaondolewa katika somo la Kiswahili, akarudishwa chekechea peke yake. Barua juu ya Ocaya haikufika kamwe.

Siku ya lugha ilifanyika bila Kiswahili. Wiki mbili baadaye Victoire alipata kadi mpya akarudi, na Bi. Ingeborg akamlipa siku zote alizokosa. Watoto walimpokea getini kwa kelele ambayo ilisikika mpaka bwawani. Amito alifunga dirisha, kisha akalifungua tena, kwa kuwa watoto wake wadogo walitaka kuona.

Kwa mwaka mzima wanawake wale wawili hawakusema zaidi ya "habari za asubuhi". Victoire hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata Husnah aliyeuliza kila siku. Hakumsamehe pia, au kama alimsamehe hakuonyesha. Freja alihama mwezi Juni, baba yake akapelekwa Dhaka. Aliwakumbatia wote wawili kwa zamu, kila mmoja kwa wakati wake, mmoja kwenye ngazi na mwingine mlangoni pa chekechea, na siku ile Amito alijifungia chooni akalia, akasikia chumba cha pili mtu mwingine akipenga kamasi kwa nguvu. Aliona viatu vyeusi vinavyong'aa chini ya mlango. Akanawa uso, akatoka kwanza.

Januari alijiandikisha katika kozi ya Kiswahili ya Jumamosi huko Nakawa. Alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na kwa muhula wa kwanza alishika nafasi ya tisa kati ya kumi na mmoja. Alikuwa akifanya mazoezi yake katika chumba cha walimu saa za chakula, mkono umezingira karatasi.

Siku moja kivuli kikasimama juu ya karatasi yake. Victoire alikuwa na kikombe cha chai. Alisoma ukurasa kichwa chini kwa muda mrefu.

"'Ugonjwa' wingi wake si 'wagonjwa'," alisema. "Hao ni watu."

Aliweka kikombe, akachukua kalamu mkononi mwa Amito, akaandika magonjwa, akamrudishia kalamu. Kisha akaenda darasani kwake, ambako watoto walikuwa tayari wanamwita. Amito aliwasikia wakimwita, na roho ikamuuma palepale panapouma siku zote. Alingoja ipoe kidogo, halafu akaendelea na swali la sita.